Umio si koo

Mzee mmoja wa hapa Bahati alikwenda zahanati akalalamika kwamba koo linamsumbua. Akapewa dawa ya kikohozi, na mwezi uliofuata akapewa nyingine. Kikohozi hakuwa nacho. Ugali ndio uliokuwa ukikwama kila alipomeza, hata akaishia kuishi kwa uji. Alipofikishwa hospitali ya rufaa mjini Nakuru, saratani ya umio ilikuwa imekwisha kuenea.

Simlaumu mzee, wala simlaumu tabibu peke yake. Sehemu ya lawama ni yetu sisi walimu wa lugha. Umio ni mfereji unaopitisha chakula kutoka kooni, ukapenya kifuani hadi kwenye mfuko wa tumbo. Neno lenyewe lina asili moja na kitenzi meza, na hata mũmero wa Kikuyu ni ndugu yake. Hata hivyo tumeliacha lilale kamusini, na kila kinachohusu kumeza tukakiita koo.

Kosa hilo linazidi kuwa ghali kadiri utabibu unavyoendelea. Kwa kawaida kuondoa umio kulimaanisha kupasua kifua na kutanua mbavu. Siku hizi mabingwa wanaweza kutoboa matundu madogo, wakapenyeza kamera na vyombo vyembamba, wakaikata sehemu yenye ugonjwa, kisha wakauvuta mfuko wa tumbo juu ushike nafasi yake. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2012, wenye wagonjwa 115, ulionyesha kwamba katika majuma mawili ya kwanza asilimia 29 ya waliopasuliwa kifua walipata maambukizi ya mapafu. Miongoni mwa waliotobolewa ilikuwa asilimia 9 tu.

Lakini upasuaji huo, wa tundu au wa kisu kirefu, humfaa zaidi anayewahi. Aliyechelewa huwekewa mrija wa wavu wa chuma ili aweze kumeza, kazi ambayo hospitali ya Tenwek kule Bomet imeifanya kwa miaka mingi. Mrija huo humpa mtu chakula chake. Saratani huiacha palepale. Nasi tunaishi katika Bonde la Ufa, mojawapo ya maeneo ambako ugonjwa huu umekithiri.

Basi neno umio na lifundishwe darasani, pamoja na swali moja jepesi: chakula kinakwamia wapi? Mzee yule alipoulizwa hivyo hatimaye, hakugusa shingo. Aliweka kidole katikati ya kifua.