Lumbesa imeingia hadi kwenye kompyuta

Mkulima yeyote wa Tarime anaijua lumbesa. Mnakubaliana bei ya gunia, kisha mnunuzi anashindilia, anaongeza kilemba juu na kushona kwa kamba, lakini bei inabaki ile ile. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana na mchezo huu kwa miaka mingi, na kanuni zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mimi niliyesomea uchumi wa kilimo nilidhani hilo ni tatizo la viazi na mahindi tu. Nilikosea.

Hapa Bomani yupo kijana, mtoto wa mkulima wa kahawa, anayesanifu huduma za kwenye simu na kompyuta. Hajaajiriwa. Anatafuta wateja mwenyewe na kulipwa kwa kazi aliyoifanya. Majirani wakimwona amekaa na kompyuta mchana kutwa hudhani anacheza.

Mwaka jana mnunuzi mmoja wa nafaka alimpa kazi ya kusanifu huduma ambayo mkulima angetumia kutoa taarifa za mzigo wake kwa simu ya kitochi, mfano wa ile unayoipata ukibonyeza *150*00# kutuma pesa. Msomaji asidharau kazi hiyo. Ukurasa mmoja wa huduma ya namna hiyo hauzidi herufi 182, na ukichelewa kujibu inakatika. Kuchagua neno lipi litangulie kunaweza kumaliza siku nzima. Mteja alitaka mkulima aandike mzigo kwa tani na shamba kwa hekta. Kijana akaenda kukaa sokoni siku mbili, akarudi na jibu: huku watu wanahesabu debe, gunia na ekari, ukiwauliza tani wataacha njiani. Kwa maoni yangu siku zile mbili ndizo zilizokuwa na thamani kuliko kazi yote iliyobaki.

Walikubaliana kwa mdomo Sh450,000, kazi ya mwezi mmoja. Kisha kilemba kikaanza. Ongeza daftari la madeni. Weka na bei ya saruji, maana nauza saruji pia. Nitengenezee na nembo ya duka, si ni kitu kidogo tu? Mwezi ukawa miezi mitatu. Kijana akapewa Sh250,000 na kuambiwa asubiri msimu.

Tulikaa tukapiga hesabu kama za shamba. Kompyuta aliinunua Sh900,000. Ikidumu miaka mitatu, inamgharimu Sh25,000 kila mwezi. Bando Sh30,000, chumba na umeme Sh45,000. Jumla Sh100,000 kwa mwezi, yaani Sh300,000 kwa miezi mitatu. Amepata hasara ya Sh50,000, na hapo hatujahesabu nguvu zake, kosa lile lile tunalofanya wakulima tunapojumlisha mbegu na mbolea na kusahau jembe la familia.

Siwatetei vijana wote. Wapo wanaopokea kianzio wakazima simu, na wapo wanaotaja bei kabla ya kuuliza mteja anauza nini. Mfanyabiashara aliyeumwa mara moja ana haki ya kuogopa. Nami nikiri kwamba niliwahi kumwambia msanifu mmoja "ongeza hako tu", na hako kakamla wiki.

Dawa yake haihitaji wakili. Kabla kazi haijaanza, andikeni kurasa ni ngapi, marekebisho mara ngapi, kazi itakabidhiwa lini, na nusu ya fedha ilipwe mwanzoni. Kila nyongeza iwe na bei yake na siku zake. Kama karatasi inawaletea uzito, tumianeni ujumbe wa simu na msiufute, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za namna hiyo. Na wewe mwenye duka, ukitaka kitu cha ziada uliza kwanza kitaongeza shilingi ngapi.

Wiki iliyopita mnunuzi yule amerudi Bomani. Wakulima wameipenda huduma, sasa anataka iongezwe sehemu ya maharage. Kijana amemkabidhi karatasi moja ya daftari yenye mistari sita, wa kwanza ukiwa deni la Sh200,000. Hadi naandika makala haya, karatasi haijarudi.