RAMANI YA VIWANJA IKIFUTWA



Wengi wetu tulio mbali na kwetu twaweka akiba katika mshahara ili tununue kiwanja. Ndugu wenye jamaa zao Shela wameuliza: ramani ya kugawa shamba ikiisha kupitishwa, je, yaweza kufutwa? Yaweza, lakini si kwa neno la karani mmoja.

Idhini ya kugawa ardhi hutolewa na serikali ya kaunti kwa Sheria ya Mipango ya mwaka 2019, tena yaweza kutiwa masharti. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti ya mambo ya mipango, na baadaye aweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache mno kwa mtu aliye zamu Nairobi au Voi, naye bado ana safari ya basi na mashua! Hati ya kumiliki ni jambo jingine. Ikiisha kuandikwa, kaunti haina mkono wa kuifuta. Hiyo ni kazi ya mahakama.

Lakini hati nayo si ngao. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, juu ya kiwanja cha ufuoni Nyali. Mahali hapo palikuwa pametengwa pawe wazi kwa watu wote, kisha mwaka 1989 pakapewa Rais Moi, pakahamia kwa kampuni moja, na tena kwa nyingine. Mnunuzi wa mwisho alikuwa na hati mkononi, akashindwa, kwa kuwa mwanzo wake ulikuwa mbovu.

Na Shela kuna vilima vya mchanga. Mvua huzama humo, maji matamu yakakaa juu ya maji ya chumvi, na visima vya hapo hunywesha mji wa Lamu. Choo kikichimbwa juu yake, au maji yakivutwa kupita kiasi, kisima huharibika, wala hakuna hakimu awezaye kukitengeneza. Basi twasema wazi: ramani iliyopitishwa juu ya mchanga huo na ifutwe, hata ikiwa ni ya mwanachama wetu. Ila waanze na majumba ya matajiri.

Tena ifutwe kwa haki. Kifungu cha 47 cha Katiba, na sheria ya mwaka 2015 iliyokifuata, vyataka mtu apewe habari mapema, asikizwe, na aandikiwe sababu. Twataka habari hiyo ibandikwe Shela kwa Kiswahili, na aliyeuza arudishe fedha za watu.

Kabla ya kulipa hata arbuni, mwombe muuzaji ramani yenye muhuri, soma masharti yake, na kaitazame namba ya kiwanja katika ofisi ya ardhi. Asiyekifahamu Kiingereza cha masharti hayo aipeleke karatasi kwa katibu wa tawi kabla ya kutia sahihi.