Maji Mapya Hayapokei Mgeni

Nchi ya Uganda haina pwani. Hata hivyo, tangu mwezi wa Machi 2007, majeshi yake yalipopelekwa Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, maelfu ya vijana waliozoea maji matamu ya Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga wameiona bahari kwa macho yao. Si ajabu basi kwamba baadhi yao hurudi wakiwa na hamu ya kuwaonyesha watoto wao japo kipande kidogo cha bahari hiyo. Maelezo ya leo ni kwa ajili ya jamaa kama hizo, na kwa kila nyumba yenye sanduku la kioo la kufugia samaki.

Na uchukuliwe mfano wa sajini mmoja aliyerejea Kampala kutoka katika zamu yake. Kwa akiba ya miezi mingi alinunua sanduku la kioo lenye urefu wa sentimita 100, kina cha sentimita 40 na upana wa sentimita 30. Alinunua pia chumvi maalumu ya bahari, pampu, na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, waliosafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani ya Kenya. Jumamosi alijaza maji, akakoroga chumvi, akawatia samaki jioni ile ile. Majirani walikuja kutazama, na maji yalikuwa meupe kama hewa.

Siku ya tatu samaki walianza kuhema karibu na uso wa maji. Siku ya tano binti yake wa miaka tisa aliamka kabla ya wengine ili awasalimu, akawakuta wamelala ubavu juu ya mchanga. Sajini alimlaumu muuzaji, akailaumu chumvi, na mwisho akamgeukia mtoto na kumkemea kwamba amewashindilia chakula. Mtoto alilia, akaenda shule bila kunywa chai.

Mama wa nyumba hakusema neno asubuhi ile. Mchana alimwendea mwalimu wa sayansi wa binti yake, akamweleza mambo yote tangu mwanzo. Jioni, chakula kilipokwisha, alimwuliza mumewe kwa upole, "Baba watoto, kule mlikokuwa, kikosi kikihamia mahali papya, kazi ya kwanza ni ipi?"

"Ulinzi, maji na choo," alijibu sajini. "Bila choo, kambi nzima itaharisha kabla ya juma kwisha."

"Basi wale wageni wako uliwaleta katika kambi isiyo na choo."

Sajini alinyamaza, kwa kuwa aliona kwamba neno hilo ni kweli.

Samaki hula, na kila alaye hutoa uchafu. Uchafu wa samaki, pamoja na chakula kinachooza chini, hutoa amonia. Hii ndiyo harufu ile ile inayochoma pua katika banda la kuku lisilofagiliwa. Ndani ya maji haionekani, nayo ikiwa kidogo hata pua haiitambui, bali huunguza mashavu ya samaki anayopumulia na kumwua polepole. Hatari huzidi katika maji ya bahari, kwa sababu maji hayo yana ualkali zaidi. Amonia ile ile iliyomo katika maji yasiyo na asidi wala ualkali huwa na sehemu yenye sumu yapata mara kumi zaidi ikiwa katika maji ya bahari. Kwa hiyo weupe wa maji si ushahidi wa usalama wake.

Katika ziwa na katika bahari wapo wafanyakazi wa usafi wasioonekana kwa macho. Ni bakteria wa makundi mawili. Kundi la kwanza huila amonia na kuigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, hasa kwa samaki wa maji matamu. Kundi la pili huipokea naitriti na kuigeuza kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na ambayo mwenye nyumba huipunguza kwa kubadili sehemu ya maji. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Wengi wao hujishikiza juu ya mawe, mchanga na sifongo ya chujio. Sanduku jipya lililooshwa likang'aa halina wafanyakazi hawa wa kutosha, na kuwalea huchukua muda.

Mkulima wa matooke anawafahamu bila kuwajua kwa jina. Samadi mbichi ikiwekwa kwenye shina la mgomba huweza kuunguza mizizi, lakini iliyokaa na kuiva hulisha mgomba. Katika kuiva huko, bakteria wa jamaa hiyo hiyo hushiriki kazi. Mwaka 1877 wataalamu wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika mrija uliojazwa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 hakuna badiliko lililoonekana. Baada ya hapo naitreti ikaanza kutoka chini. Walipotia dawa ya klorofomu, kazi ikasimama, nao wakajua kwamba palikuwa na viumbe hai mle ndani. Mwaka 1890 mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky, aliwatenga bakteria hao na kuonyesha jinsi wanavyoishi. Somo la siku 20 zile halijabadilika hata leo.

Yafaa basi kila mwenye sanduku jipya afuate utaratibu huu.

Kwanza, ayatayarishe maji. Maji ya bomba ya Kampala huvutwa kutoka Ziwa Viktoria, husafishwa na kutiwa klorini ili yasilete maradhi. Klorini hiyo inayomlinda mtoto humdhuru samaki na kuwaua bakteria wanaohitajika. Maji na yakae katika ndoo zisizofunikwa kwa siku nzima huku yakipulizwa hewa, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini.

Pili, apime chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Sanduku la sajini huchukua lita 120, kwa hiyo lilihitaji kilo 4 na gramu 200. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa haina madini mengine ya baharini. Chumvi ya Katwe pia haifai, ingawa ni mali yetu na yenye sifa zake, kwa sababu ziwa lile lina magadi mengi, na magadi huongeza ualkali. Maji yakikauka, yaongezwe maji matamu tu hadi kwenye alama iliyochorwa juu ya kioo, kwani chumvi haipai hewani pamoja na mvuke.

Tatu, aweke mawe na mchanga, awashe pampu, na kuweka kipasha joto. Usiku wa Kampala huweza kushuka hadi nyuzi 17, lakini samaki wa matumbawe huhitaji nyuzi 25 au 26, na bakteria nao huongezeka upesi zaidi katika joto hilo. Pampu ina umuhimu wa pekee hapa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji ya mahali pa juu hushika oksijeni pungufu kuliko maji ya Mombasa. Jiwe moja kutoka katika sanduku la mtu mwingine lililokwisha kukomaa litafupisha kazi, kwa kuwa limekuja na wafanyakazi wake. Lakini asiagize mawe ya matumbawe kwa njia za panya. Matumbawe magumu yamo katika mkataba wa kimataifa uitwao CITES, wala hayavuki mpaka bila kibali.

Nne, awalishe bakteria kabla ya kuleta samaki. Kamba mmoja mbichi asiye na chumvi wala viungo, au chembe chache za chakula cha samaki, zitaoza na kutoa amonia. Kila baada ya siku mbili maji yapimwe kwa dawa za matone zinazobadili rangi, na matokeo yaandikwe daftarini. Amonia itapanda kwanza. Kisha itashuka wakati naitriti ikipanda. Mwisho naitriti itashuka, na naitreti itaonekana. Safari hiyo kwa kawaida huchukua majuma manne hadi sita, na huweza kufika manane. Amonia na naitriti zikishuka hadi sifuri, chakula kidogo kiongezwe tena kwa siku kadhaa. Zikibaki sifuri, kambi iko tayari.

Tano, abadili sehemu kubwa ya maji ili kupunguza naitreti, kisha alete samaki mmoja tu, au wawili wadogo. Baada ya majuma mawili au matatu, akiona vipimo vimetulia, anaweza kuongeza. Wafanyakazi huongezeka kadiri ya kazi iliyopo. Wageni kumi wakiingia siku moja, wafanyakazi wa wageni wawili hawatawamudu.

Yapo makosa mawili ambayo huharibu hata sanduku lililokomaa. La kwanza ni usafi uliozidi kiasi. Mama mwenye bidii hutoa sifongo ya chujio na kuiosha chini ya bomba, pengine kwa sabuni, akidhani anafanya wema. Kwa dakika chache huwa amewaua wafanyakazi wa miezi mingi. Sifongo na isuguliwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa katika sanduku lenyewe. Kosa la pili ni kutojiandaa umeme ukikatika. Bakteria hawa huhitaji oksijeni kama samaki. Pampu ikinyamaza kwa saa nyingi, wale waliomo katika chujio lililofungwa huanza kufa. Chujio lifunguliwe, na maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa kutoka juu mara kwa mara ili yashike hewa. Pampu ndogo ya betri ni akiba njema. Wakati huo samaki wasipewe chakula.

Asiye na uwezo wa kugharamia chumvi na kipasha joto asihuzunike. Samaki wadogo wa maji matamu wanapendeza vilevile, na gharama yao ni ndogo. Lakini sheria ya kungoja haibagui chumvi na utamu. Sanduku la ngege huhitaji wafanyakazi kama sanduku la samaki wa bahari.

Tena jambo hili halikomei sebuleni. Maji machafu ya sehemu kubwa ya Kampala hufuata mfereji wa Nakivubo na kupita katika kinamasi chenye mafunjo kabla ya kuingia katika Ghuba ya Murchison. Katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, ndipo sehemu ya maji ya kunywa ya mji huvutwa. Kwa miaka mingi mafunjo na bakteria wa matope yale wamefanya kazi ya bure, sawa na ile ya mawe ndani ya sanduku. Kila sehemu ya kinamasi inayofukiwa ili kujenga au kulima magimbi ni sawa na kuiosha sifongo kwa sabuni. Uchafu hubaki, lakini wafanyakazi wamepungua, na gharama ya dawa za kusafisha maji huongezeka. Mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara wengi walionekana wamekufa na kuelea katika Ziwa Viktoria, na wataalamu wa serikali wakaeleza kwamba oksijeni ilipungua majini. Mtoto anayeelewa kwa nini samaki wawili walikufa katika lita 120 yuko tayari kuelewa habari ya ziwa zima.

Sajini wa mfano wetu alianza upya. Safari hii aliweka maji, mawe, mchanga na kamba mmoja tu. Majirani walicheka kwa kuona sanduku la gharama kubwa lisilo na samaki, nao wakauliza kama mwenyewe amefilisika. Akawajibu kwamba choo bado kinachimbwa.

Lakini kabla ya hayo yote alimwita binti yake. Alimweleza kwamba chakula alichowapa samaki hakikuwa kingi, na kwamba kosa lilikuwa la baba aliyefanya haraka. Kisha akamkabidhi dawa za matone na daftari jipya, naye mtoto akaandika ukurasa wa kwanza kwa mkono wake: tarehe, amonia, naitriti, naitreti. Siku ya 38 alikimbia kutoka sebuleni akiwa ameshika kichupa chenye rangi ya manjano safi, isiyo na kijani hata kidogo.

"Baba, sifuri!"

"Kesho upime tena," baba alisema. "Na kesho kutwa. Ikibaki sifuri, Jumamosi twende sote tukamchague mgeni."

Subira huvuta heri. Mwenye nyumba asiyeweza kungoja majuma sita kwa ajili ya maji, na anunue picha ya samaki aitundike ukutani, kwani hiyo haihitaji bakteria.