Mboga Ndani ya Debe: Tengeneza Udongo Mbele ya Kutafuta Mbegu



Kila siku ya kliniki akina mama wananiomba mbegu. Wanasema: "Baba munganga, utupe mbegu za lengalenga, tupande ndani ya debe mlangoni." Ombi hili ni zuri, na ninafurahi kulisikia. Lakini mimi hujibu kwa ulizo: "Mama, udongo uko wapi?" Wengine wanacheka. Wanasema: "Udongo ni udongo tu. Inchi nzima ni udongo."

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosa. Mboga iliyo shambani inatuma mizizi yake mbali kutafuta chakula na maji. Mboga iliyo ndani ya debe haina pa kwenda. Itakula kile tu ulichoweka wewe. Ni kama mtoto mchanga: hawezi kwenda jikoni peke yake.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kukosa. Nilijaza madebe 6 kwa udongo mwekundu niliochimba nyuma ya nyumba. Nikapanda, nikamwagilia kila siku. Majuma 2 hayakupita, udongo ukawa mgumu kama tofali, maji yakasimama juu, mizizi ikaoza. Mara ya pili nikataka kusahihisha kosa kwa nguvu. Nikaleta samadi ya kuku, mbichi kabisa, nikachanganya nusu kwa nusu. Mbegu ziliota, halafu majani yakaungua pembeni, kama yamepitiwa na moto. Jirani yangu, mama mzee, alitazama akasema: "Mara ya kwanza uliwanyima chakula. Mara ya pili umewalisha chakula kibichi." Alisema kweli.

Basi, neno langu ni hili: usitoe feza yako kununua mbegu wala dawa ya mbolea mpaka umetengeneza udongo. Udongo wa debe una kazi tatu. Unashika maji yasikauke upesi. Unaachilia maji yaliyozidi, ili hewa iingie kwa mizizi. Na unalisha. Hakuna kitu kimoja kinachofanya kazi zote tatu. Kwa hiyo tunachanganya.

Chukua ndoo 1 ya udongo mweusi wa juu, ule wa chini ya majani. Usichimbe kandokando ya choo, wala pale magari yanapomwaga mafuta. Chukua ndoo 1 ya mbolea iliyooza kabisa. Chukua ndoo 1 ya kitu cha kulegeza: mchanga mkubwa wa mto uliooshwa, au vijiwe vyepesi vya volkano, au makapi ya mpunga au ya kahawa yaliyokwisha kuoza. Mchanga mwembamba kama unga haufai, unaziba. Changanya vizuri juu ya turubai.

Watu wa Goma wanaelewa maneno haya kuliko wengine. Mwaka 2002 moto wa mlima Nyiragongo ulishuka na kufunika sehemu ya mji, na mwezi wa tano wa 2021 ulishuka tena mpaka ukingoni mwa mji. Mahali palipokuwa bustani pakawa jiwe. Jembe haliingii katika jiwe. Lakini gunia lililojazwa udongo mzuri linaweza kusimama juu ya jiwe, na vijiwe vile vile vyepesi vinasaidia kulegeza udongo wa gunia.

Sasa tuseme juu ya mbolea, maana kazi kubwa iko hapo. Wazee husema akiba haiozi. Akiba hii ni lazima ioze. Tafuta pembe yenye kivuli. Weka fungu 1 la vitu vibichi: majani, maganda ya ndizi na ya mihogo, samadi ya mbuzi au ya sungura. Juu yake weka mafungu 2 ya vikavu: majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Endelea hivi mpaka lundo lifike kiunoni. Usitie nyama wala mafuta, yanaita panya. Lundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Lifunike kwa majani ya migomba, mvua isifue chakula chote. Kila juma ligeuze, la nje liende ndani, maana moto wa kuozesha uko katikati. Baada ya miezi 2 au 3 utaona kitu cheusi kisicho na uvundo. Ukikishika mkononi, hutambui tena lipi lilikuwa ganda na lipi lilikuwa jani.

Majivu ya jikoni ni mazuri, lakini konzi 1 kwa ndoo 3 inatosha. Yakizidi yanaharibu udongo. Vumbi la msumeno likiwa bichi linanyang'anya mboga chakula ili lenyewe lioze. Uliweke kwanza katika lundo, na lisiwe la mbao zilizopakwa dawa.

Kuna mambo ambayo kama munganga siwezi kunyamazia.

La kwanza, usitie kamwe choo cha mtu, wala cha mbwa, wala cha paka. Mayai ya minyoo ya tumbo yanaweza kukaa hai udongoni kwa miaka, na lundo la nyumbani si kila mara linapata moto wa kuyaua. Utampa mtoto mboga kwa mkono mmoja na minyoo kwa mkono mwingine. Samadi ya wanyama nayo isitiwe mbichi. Ipitie lundoni kwanza. Mboga zioshwe kwa maji safi na kupikwa.

La pili, udongo na samadi vinaweza kuwa na mbegu ya pepopunda. Mwenye kidonda mkononi akifunge vizuri mbele ya kuchanganya. Kila mtu anawe kwa sabuni akimaliza. Na kama chanjo zako za pepopunda hazijatimia, njoo lopitali.

La tatu, usipande chakula ndani ya chombo kilichokuwa na dawa ya wadudu, rangi, mafuta ya gari au maji ya betri. Kuosha hakutoshi. Debe la mafuta ya kula, beseni lililotoboka, kapu kuukuu, hivi vinafaa. Toboa matundu chini. Watu wengi huweka mawe chini ili maji yatoke. Ninaona mawe hayo yanakula nafasi ya mizizi tu. Matundu na udongo uliolegea ndivyo vinavyotoa maji. Na usiache sahani yenye maji chini ya debe, maana mbu watazaa humo.

Utaniambia: "Munganga, miezi 3 ni mingi, na mtoto ana njaa leo." Nasikia. Mtoto aliyevimba miguu, au asiyeona vizuri giza likiingia, usimngojeshe mboga. Mlete lopitali leo. Majani ya debe hayachukui nafasi ya dawa, wala ya maharagwe, samaki na mayai. Kazi yake ni nyingine: ni kuweka kitu cha kijani ndani ya chungu mara kwa mara, hata kwa nyumba isiyo na shamba. Lengalenga, matembele, na mawese kidogo juu yake, vinasaidia kulinda macho ya mtoto. Mimi ninawaona watoto wakipona hapa, wakirudi nyumbani, halafu baada ya miezi michache wanaletwa tena, kwa sababu chungu ni kile kile. Hilo ndilo linanifanya niseme sana juu ya udongo.

Mbele ya kupanda, jaribu udongo wako. Ukamate mkononi na kuukamua: ushikane, halafu uachane ukiugusa kwa kidole. Mwagia kikombe cha maji: yaingie upesi, yatoke chini. Panda maharagwe 10 ndani ya kopo. Yakiota 8 na majani yakawa mazuri, udongo umeiva. Yakiungua, ngoja mwezi mmoja tena.

Anza leo mangaribi. Maganda ya chakula cha leo usiyatupe njiani. Baada ya miezi 3 njoo kliniki na konzi ya udongo wako ndani ya karatasi. Nikiona ni mweusi, na unanuka kama msitu baada ya mvua, tutatafuta mbegu pamoja.