Tuache Kupiga Vyuma kwa Mchanga

Kurasa hizi mara nyingi ni siasa za nyumbani na habari za viza. Mimi ni mtu wa vyuma, basi leo mnivumilie niseme kuhusu mchanga.

Hapa Hamriya ninapokaa, jioni ukiingia mgahawani kunywa chai utawakuta vijana wa kazi za rangi, wengine wa kwetu kabisa, Kiswahili kinatembea utadhani uko Tanga. Kazi yao ni kusafisha matangi, mabomba na meli. Unashika mpira, kompresa inarusha chembe kwa nguvu, kutu na rangi ya zamani vinatoka, chuma kinabaki na meno madogo ya kushikia rangi mpya. Sasa urushe chembe gani?

Makontrakta wengi watakwambia mchanga, maana unachotwa tu. Mimi sikubaliani nao, tena si kwa huruma peke yake. Mchanga wa kawaida ni silika. Ukigonga chuma unapasuka kuwa vumbi lisiloonekana, likiingia ndani kabisa ya mapafu halitoki. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Uingereza ilianza kuukataza viwandani kwa kanuni za mwaka 1949. Uturuki ilizuia mwaka 2009, baada ya vijana waliokuwa wakipausha jinzi kwa mchanga kufa (ndiyo, hizo hizo jinzi tunazojidai nazo). Halafu mchanga wa pwani una chumvi. Chumvi ikibaki kwenye chuma rangi inatoa malengelenge na kutu inarudi. Urahisi uko wapi hapo?

Kazi ikiwa ndani ya chumba kilichofungwa, tumia chembe za chuma. Zinakusanywa na kurudiwa mara nyingi sana, ila unyevu wa Muscat au Mombasa utazishika kutu usipoziweka pakavu. Na usizipige kwenye alumini au chuma cha pua, utaviachia madoa ya kutu. Kwa kazi ya nje mimi nachagua ganeti: ni ngumu, vumbi lake dogo, unaichuja na kuitumia tena mara kadhaa. Slagi ya shaba ni nafuu, lakini uliza kwanza cheti cha maabara, kwani inaweza kuwa na aseniki, risasi au beriliamu. Kofia ya kupitishia hewa safi ni lazima kwa zote, maana hata rangi ya zamani yaweza kuwa na risasi.

Wauzaji wanakutajia bei ya tani. Wewe piga hesabu ya mita moja ya mraba iliyokwisha safishwa: kilo ngapi zimetumika, kompresa imekula dizeli kiasi gani, taka nani anazizoa.

Jamani, bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga ni kilomita 1,443, na matangi yake yako Chongoleani, kando ya bahari. Baadhi yetu ndio tutakaosaini karatasi za matengenezo ya vitu kama hivyo. Andika kwenye mkataba: usafi wa Sa 2½, silika huru isizidi asilimia 1. Kontrakta atalalamika bei. Mwache alalamike, ila usisaini mpaka alete cheti.