Kufuli ya WhatsApp Hailindi Mishahara ya Watu

Katika ofisi za uhasibu, Dar es Salaam hadi Nairobi, kuna imani iliyoota mizizi: faili likipita WhatsApp liko salama, maana huko mazungumzo "yamefungwa mwanzo hadi mwisho". Mhasibu yuko Mwanza, bosi yuko Dubai. Orodha ya mishahara inarushwa, dole gumba linarudi, mwezi umefungwa.

Ni kweli, tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husimbwa kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiusomi njiani. Ila hesabu za ofisi haziibiwi sana njiani. Huibiwa zikishafika. Faili linakaa kwenye simu ya bosi, ileile anayochezea mtoto, ileile anayoachiwa fundi Kariakoo pamoja na neno la siri ili abadilishe kioo. Linakaa kwenye kompyuta ya mapokezi ambako WhatsApp Web imeachwa wazi tangu juzi. Nakala ya akiba inapanda Google Drive, na kuisimba nakala hiyo ni jambo la hiari lililoletwa 2021. Wangapi wameigusa hiyo swichi? Na karani aliyeachishwa kazi Machi bado anatembea na mishahara ya Januari mfukoni.

"Lakini nimeliwekea nywila." Ipi? Ile ya kuzuia watu wasihariri laha ya Excel haifichi kitu. Inazuia tu mkono usiharibu fomula. Badilisha .xlsx iwe .zip, ifungue, futa kipande kimoja cha maandishi ndani ya laha, kwisha habari. Nywila ya kufungulia faili zima ndiyo yenye nguvu, mradi iwe ndefu. Hapo ndipo ninapokata tamaa: inatumwa kwenye mazungumzo yaleyale, chini ya faili lenyewe, na kwa kawaida ni jina la kampuni na mwaka.

Tukiacha hata siri, kuna fujo. "Mizania_mwisho", "Mizania_mwisho2", "Mizania_mwisho_KWELI". Mkaguzi akiuliza nani alibadilisha salio la wadai, na lini, WhatsApp haina jibu.

Sheria nayo haimtazami mwenye programu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika 1 Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019. Majina, mishahara na namba za akaunti za wafanyakazi ni taarifa binafsi, na mwajiri ndiye wa kuzitunza.

Faili likae mahali pamoja, watu walifuate huko. Kila mmoja aingie kwa akaunti yake, yenye uthibitisho wa hatua mbili, na anayeondoka afungiwe siku hiyohiyo. Tusisingizie gharama. Hata Google Drive ya bure inakuruhusu kumtaja mtu kwa anwani yake, kumzuia asipakue, na kuona nani alihariri nini. Sharti ni moja: usichague "yeyote mwenye kiungo". Ukichagua hiyo, umerudi kulekule kwenye kurushiana.

Wapo watakaosema wateja wetu hawawezi mambo hayo, ni watu wazima, wamezoea WhatsApp. Wateja haohao hutuma mamilioni kwa M-Pesa kila wiki, na namba ya siri hawampi hata mwenza wao.