Je, Msitu wa Mpakani Ufyekwe?

Katika muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja isemayo, "Yafaa msitu ulioko mpakani ufyekwe ili nchi iwe salama." Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande uliopinga, nasi tulishindwa vibaya. Hatukushindwa kwa sababu ya Kiswahili changu, ijapokuwa nacho si kizuri sana. Tulishindwa kwa maneno machache ya rafiki yangu, ambaye kitanda chake chapakana na changu bwenini. Alisimama akasema, "Wewe watutajia miti, mimi nakutajia mama yangu." Ukumbi mzima ukapiga makofi, nami nikakaa chini na karatasi yangu mkononi. Tangu siku ile nimefikiri sana, na leo namshukuru mhariri kwa kunipa nafasi niseme yale niliyopaswa kuyasema.

Kwanza, simcheki rafiki yangu. Kwao ni Bunagana, upande wa Kongo. Machi 2022, mapigano ya jeshi la Kongo na waasi wa M23 yalipofika karibu nao, watu walivuka mpaka kwa maelfu wakaingia wilaya yetu ya Kisoro, na tarehe 13 Juni mwaka uleule mji wa Bunagana ukatekwa. Wengi walipokelewa katika kambi ya muda ya Nyakabande. Mama yake na wadogo zake walilala nyumbani kwetu Nyarusiza siku tisa kabla ya kwenda huko. Mtu aliyeyaona hayo ana haki ya kuuogopa msitu.

Kwa wasomaji wasioijua nchi yetu, sina budi kueleza kidogo. Mwaka 1910 Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikutana Brussels wakagawana milima yetu ya volkano, wakaifanya iwe alama za mpaka. Ndiyo sababu leo mtu akisimama juu ya kilele cha Sabinyo husimama mahali zinapokutana Uganda, Rwanda na Kongo. Msitu ni mmoja, lakini una majina matatu: kwetu Mgahinga, kilomita za mraba 34 hivi tu, Rwanda ni Hifadhi ya Volkano, kama 160, na Kongo ni Virunga, hifadhi kubwa iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika. Humo huishi gorila wa milimani, ambao hawana pasipoti. Kundi moja la kwetu, liitwalo Nyakagezi, liliwahi kutuhama miaka mingi likizungukia upande wa jirani, kisha likarudi mwaka 2012.

Tena historia yampa rafiki yangu nguvu. Vita vya Rwanda vilipoanza Oktoba 1990, wapiganaji wa R.P.F. waliingia katika misitu ya milima hii, na Januari 1991 wakashuka wakaushambulia mji wa Ruhengeri. Baada ya 1994 makundi mengine ya wenye silaha yakajificha katika misitu hiyohiyo upande wa Kongo. Basi asemaye kwamba msitu huficha adui hasemi uongo. Lakini swali letu si kama msitu huficha. Swali ni hili: ukifyekwa, je, adui huondoka?

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka uleule wa 1991 jeshi la Rwanda la wakati ule lilifyeka mianzi kando ya njia kuu ipitayo kati ya milima, ukanda wenye upana wa mita 50 hadi 100, ili askari wasiviziwe. Je, vita vilikoma? La! Februari 1993 wapiganaji walisonga mbele tena, na mwaka 1994 yakatokea yale ambayo dunia nzima yayajua. Mianzi ilikatwa, na usalama haukuja.

Tazameni pia upande wa Kongo. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walipiga kambi karibu na Goma, kandokando ya hifadhi, na kila siku waliingia msituni kutafuta kuni, maana hakuna awezaye kula maharage mabichi. Mwaka 2004 watu walifyeka kiasi cha hekta 1,500 katika eneo la Mikeno, makao ya gorila, hata ikabidi ujengwe ukuta wa mawe kuwazuia wasiendelee. Kama ardhi tupu ingaleta amani, Kivu ya Kaskazini ingalipata amani zamani. Badala yake, Novemba 2012 waasi waliuteka mji wa Goma wenyewe, mji wenye barabara na uwanja wa ndege. Goma si msitu.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hatulifikiri: msitu unaokatwa humlisha mwenye bunduki. Kwa miaka mingi makundi ya wenye silaha katika Virunga yamejipatia fedha kwa makaa, ama kwa kuyachoma wenyewe, ama kwa kuwatoza ushuru wayachomao. Kila mti ugeukao gunia la makaa huweza kugeuka risasi. Kwa hiyo amlindaye mti amnyima adui mshahara wake, na adui ajua hivyo. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 wa hifadhi waliuawa kwa siku moja. Nani atathubutu kusema watu hawa walikuwa wakilinda majani tu?

Sasa nije nyumbani. Mama yangu hajui habari za mkutano wa Brussels, lakini ajua maji yatokako. Kwetu ni nchi ya mawe ya volkano, na mvua ikinyesha maji hupotea chini. Maji ya bomba tunywayo hushuka kutoka kinamasi cha Kabiranyuma, kilichoko kwenye bega la kati ya Muhabura na Gahinga, na bega hilo ndilo mpaka wenyewe. Mfyeke msitu pale ili askari aone mbali, na kinamasi kitakauka. Hapo askari ataona mbali kweli. Ataona wanawake na watoto wakishuka na madumu matupu.

Jambo jingine nimeliona kwa macho yangu. Februari 2019 mpaka wa Rwanda na Uganda ulifungwa, na kituo cha Gatuna hakikufunguliwa mpaka tarehe 31 Januari 2022. Watu wa kwetu wana shangazi na wajomba ng'ambo. Je, waliacha kuwatembelea? Baadhi yao walianza kupita njia za panya usiku, na mtu apitaye usiku hana tofauti na mwizi mbele ya mlinzi. Mjomba wangu mmoja alikamatwa hivyo, akadhaniwa mpelelezi, akalala ndani siku nne kwa sababu ya kwenda kwenye matanga. Nilijifunza hapo kwamba ukifunga mlango wa barabarani, wafungua mlango wa msituni.

Wala si sisi peke yetu. Huko Marekani sheria ya mwaka 2005 ilimpa waziri wa usalama wa ndani uwezo wa kuziweka kando sheria nyingine, hata zile za kulinda mazingira, ili ukuta wa mpakani ujengwe upesi; na mwaka 2020 ukuta huo ulipitishwa katika hifadhi ya Organ Pipe Cactus, jimbo la Arizona. Mwaka 2022 Poland nayo ilijenga ukuta wa chuma wa kilomita 186 mpakani mwa Belarus, ukapita katikati ya msitu wa kale wa Białowieża. Binadamu huchukua ngazi akaupanda ukuta. Mnyama hana ngazi.

Mtaniuliza, basi wataka nini? Sisemi kwamba hata mti mmoja usiguswe, wala sisemi askari waondoke. Msitu usio na mlinzi ni nyumba isiyo na mlango. Nasema mambo matatu.

La kwanza, askari wa jeshi na askari wa hifadhi watembee pamoja. Mlinzi wa hifadhi hujua kila njia, na huona mtego wa waya au majivu ya jana kabla ya mgeni kuona chochote. Nchi zetu tatu zilitia sahihi mkataba mwaka 2015 wa kushirikiana katika hifadhi hizi. Mkataba huo na ufuatwe hata siku ambazo wakubwa hawasemezani.

La pili, vituo vya barabarani viwe vyepesi kwa raia mwema, ili abaki msituni mhalifu peke yake.

La tatu, wanaokaa kando ya msitu waone faida yake. Sheria ya Uganda yatoa asilimia 20 ya ada za kuingilia hifadhini kwa majirani wa hifadhi. Fedha hizo zifike kijijini kweli. Na Batwa, waliotolewa msituni mwaka 1991 bila ya kupewa ardhi, waajiriwe wawe macho yetu. Nani aujuaye msitu kuliko wao?

Wako watakaosema kwamba haya ni ndoto za mtoto wa shule. Mwaka 1981 gorila wa milima ya Virunga walihesabiwa wakapatikana 254 tu. Katika hesabu ya 2015 na 2016 walikuwa 604. Waliongezeka katikati ya vita, kwa sababu watu wa nchi tatu waliendelea na doria mishahara ikija na isipokuja. Hiyo si ndoto.

Enyi mliotutangulia hapa shuleni, baadhi yenu mmekuwa maofisa wa jeshi, wengine mwafanya kazi hifadhini, wengine mmekaa katika halmashauri za wilaya. Siku moja karatasi itawekwa mezani mwenu, imeandikwa, "Ufyekwe kwa ajili ya usalama." Nawasihi msitie sahihi kabla ya kuuliza maji yatatoka wapi.

Na wewe ndugu yangu wa kitanda cha pili, hili ndilo jibu langu, ijapokuwa limechelewa. Siku zile tisa mama yako alipokuwa kwetu, alichota maji katika bomba moja na mama yangu. Nilikuwapo. Maji yale yalishuka kutoka katika msitu ule unaotaka tuufyeke. Nami nilipotaja miti, nilikuwa nikimtaja yeye.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita